Kibao Kilichorudi Chenyewe

Tulimwacha wapi Brashi? Kwenye benchi la nyuma la ukumbi wa manispaa, jasho likimtiririka kama mtu aliyekutwa na jogoo wa jirani kwapani. Na dobi amesimama mlangoni, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, ndiyo kwanza ametamka maneno haya: "Aliyeniteketezea duka langu yumo humu ndani, na nitamwonyesha sasa hivi."

Wewe uliyechelewa, chukua haya upesi, maana dobi hasubiri. Mji huu ni mdogo, na jiji kubwa limeuzunguka pande zote kama ute ulivyozunguka kiini cha yai. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Ukipiga chafya upande huu, anayekupa pole yuko upande wa jiji. Lakini mji una meya wake, una sheria zake, na una gari lake moja la zimamoto. Gari hilo ni marufuku kuvuka kibao cha mpakani. Liliwahi kuvuka mara moja, jiji likamjia juu meya mpaka akakosa usingizi.

Jumamosi duka la dobi liliwaka. Gari la zimamoto likaja mbio, likakuta kibao kabla ya duka, likasimama. Jiji likapigiwa simu, likajibu: "Hapo si kwetu." Wakabishana mpaka paa likaanguka. Na aliyeking'oa kibao kile mahali pake na kukichomeka kabla ya duka badala ya baada yake ni Brashi mwenyewe, mpaka rangi wa vibao vya manispaa. Hilo wanalijua watu wachache sana.

Haya, turudi mlangoni.

Dobi aliingia akiburuza ndala. Akanyanyua mkono. Kwa bandeji ile hakukuwa na kidole cha kuonyesha, ilikuwa kama kuelekezewa mkate mzima. Mkono ukaanza kupita kwenye mabenchi, na kila benchi lililopitiwa watu wake walijiegemeza nyuma, hata wasio na kosa lolote.

Ukafika kwa Brashi.

Brashi akafumba macho.

Mkono ukapita. Ukaenda mbele, ukatua kwa dereva wa zimamoto aliyekuwa amesimama peke yake mbele ya meza ya meya.

"Huyu," dobi akasema. "Alisimama na gari limejaa maji, ananiangalia naungua kama chapati."

Brashi akashusha pumzi. Pumzi ilikuwa ndefu mpaka jirani yake akageuka. Na kabla haijaisha, akaionea haya, kwa sababu dereva yule ni shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja. Amepona kwa mgongo wa shemeji.

"Dereva," meya akasema, "una la kujibu?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Kwanza," akamgeukia dobi, "mama, pole. Tangu siku ile silali. Lakini nilipofika nilikuta kibao kabla ya duka lako. Dereva aliyenitangulia alivuka kibao, mkamfukuza. Mimi sikuvuka, mnataka kunifukuza. Sasa nilitakiwa niruke?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Meya hakucheka.

"Kibao kiko kwenye kalavati, ukishapita duka lake, tangu mimi nanyonya."

"Basi twende tukakione, Mheshimiwa. Kikiwa kwenye kalavati, nakukabidhi ufunguo wa gari pale pale na polisi niende kwa miguu yangu. Kikiwa kabla ya duka, utaniomba radhi mbele ya mke wangu."

"Wenzako wawili walioning'inia nyuma ya gari mbona hawakukiona?"

"Wao waliona moshi. Anayeendesha ndiye anayetazama vibao."

Hapo meya akanyoosha shingo, akatazama benchi la nyuma.

"Brashi. Vibao vyote vya mji huu ni watoto wako. Kile kiko wapi?"

Brashi akasimama. Angeweza kusema. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi, na ndani hakuna mbwa.

"Kiko pale pale kilipo, Mheshimiwa."

Wakaangua kicheko. Huyo ndiye Brashi wao. Ndiye aliyewahi kuchora tuta la rangi kwenye lami tambarare, madereva wakapunguza mwendo wiki nzima kwa tuta lisilokuwepo. Meya akatikisa kichwa, akavaa kofia yake. "Twendeni."

Brashi alicheka nao. Moyoni alikuwa na hesabu yake. Jana jioni alipita, akakiona kibao bado kimesimama kabla ya duka, pale pale alipokichomeka. Watu wataona kwa macho yao, shemeji atapona, na ikiulizwa nani alikihamisha, itasemwa ni wezi wa vyuma chakavu, kikawalemea njiani wakakitupa. Nani atamkamata mwizi asiyekuwepo?

Wakatoka, ukumbi mzima. Mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu. Mtu akianza kukusimulia habari za ndoa yake hapa, mnafika mwisho wa mji mwanamke hajaachwa.

Shemeji akarudi nyuma akamshika Brashi bega.

"Leo umeongea neno moja tu. Umemeza brashi?"

"Jino linanisumbua."

"Ling'oe. Dada yako ameshafunga vyombo kwenye maboksi. Namwambia fungua, kibao kitasema kweli. Ananiuliza, kwani umekipigia simu? Nikifukuzwa leo, nyumba ya manispaa tunatoka leo leo, na tumbo lake lile."

"Hutafukuzwa, shemeji."

"Unasema kama unajua."

Brashi akatazama viatu vyake. Vilikuwa na madoa ya rangi ya kila kibao alichowahi kupaka.

Shemeji akapunguza sauti. "Nikuulize kitu, usinicheke. Na wewe ukianza kucheka huwa huachi. Inawezekana niliona vibaya? Maana nimeanza kujitilia shaka. Najiambia labda kibao kilikuwa kule kule kwenye kalavati, mimi ndiye nilichanganyikiwa, na mama wa watu kaungua kwa macho yangu mabovu."

"Hukuona vibaya."

"Kweli?"

"Kweli, shemeji. Macho yako mazima."

Shemeji akampigapiga mgongoni, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mji mzima huu, wewe peke yako unaniamini." Akaongeza mwendo, akaenda kutembea mbele, kifua mbele, kama anayekwenda kupokea zawadi.

Brashi akabaki nyuma, uso umekunjamana.

"Tabasamu, mwanangu. Watu wanatutazama."

Ni dobi. Amejipenyeza ubavuni kwake, anatembea na mikono yake imenyanyuka mbele, isiguse kitu.

"Shangazi," Brashi akanong'ona, "nilidhani unanionyesha mimi."

"Nikuonyeshe wewe ili na mimi nionekane? Nina mikono ya kuungua, sina akili ya kuungua."

Maana, ndugu msomaji, kibao kile hakikuhamishwa na mtu mmoja. Meya anapenda mji wake uonekane nadhifu kuliko jiji, akapitisha sheria: marufuku kuanika nguo kuelekea barabarani. Dobi ataanika wapi? Nyuma ya duka kuna ukuta wa jiji. Kila askari wa manispaa akipita, anakata kamba, mashuka ya wateja yanalala mavumbini, dobi anafua upya.

Alhamisi Brashi alikuwa anarudisha kibao kutoka kukipaka rangi. Amekibeba begani, anapita mbele ya duka, dobi anaokota mashuka.

"Laiti ningekuwa upande wa jiji," dobi akasema, "ningeanika hata kaptula ya meya."

Brashi akasimama. Akatazama kule kwenye kalavati, kwenye shimo lenye mawe. Akatazama pale alipo, udongo laini. Akachimba hatua chache kabla ya duka, akakichomeka kibao, akapiga saluti.

"Karibu jijini, Shangazi."

Walicheka mpaka dobi akakalia beseni la maji. Ilikuwa mchezo wa siku mbili tatu, Jumatatu angekirudisha. Na kwa kuwa hakuna mtu duniani anayesoma kibao cha mji wake mwenyewe, hakuna aliyeona kitu. Halafu Jumamosi pasi ikaangukia shuka.

"Meya ameahidi kunijengea duka jipya," dobi alikuwa anasema sasa, midomo haichezi. "Kwa sababu mimi ni mtu wa mji wake. Akijua niliuhama kwa ajili ya kamba ya nguo, atanijengea nini? Na mikono hii nifue kwa meno?"

"Na shemeji yangu?"

"Kibao si kipo? Kitamwokoa. Wewe funga mdomo, wote tunapona."

Ilikuwa hesabu ya Brashi mwenyewe, neno kwa neno. Lakini ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, ilinuka.

Wakafika kwenye kona.

Duka la dobi lilikuwa nguzo nne nyeusi na mapipa yaliyojikunja. Beseni moja la plastiki lilikuwa limeyeyuka, limekuwa kama uji uliomwagika. Mwanamke mmoja alinyanyua kipande cha kola ya shati, akakirudisha chini taratibu.

Kabla ya duka, pale kwenye udongo laini, hapakuwa na kibao.

Hapakuwa na hata shimo. Pana majani, mabichi, yamelala vizuri.

Ukishapita duka, kwenye kalavati, kibao cha mpakani kilikuwa kimesimama wima kama askari wa gwaride, na maua yamekizunguka miguuni.

Shemeji akaenda mpaka pale kilipokuwa. Akazunguka. Akapiga ardhi kwa kisigino. Akatazama kalavati, akatazama majani, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Kilikuwa hapa," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kilikuwa hapa?"

"Naona," meya akasema. "Hata kipofu anaona. Ufunguo, dereva."

Brashi alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anatazama maua. Miche midogo ya zambarau, imepandwa kwa kukandamizwa na kisigino, na mawe yamepangwa duara kuizunguka: jeupe, jeusi, jeupe, jeusi. Mji mzima huu ni mtu mmoja tu anayepanga mawe hivyo.

Mama yake. Mtunza bustani wa manispaa.

Juzi jioni chakula kilimshinda, akamwambia mama yake kila kitu, mezani, mwanzo mpaka mwisho. Mama alisikiliza, hakugomba, hakulia. Akamsogezea sahani, akasema, "Kula kwanza." Na leo asubuhi akatoka na toroli, jembe na miche yake. Nani atamshangaa mama wa bustani akichimba kando ya barabara? Kuchimba ndiyo mshahara wake.

Akainua macho. Mama huyo hapo, mstari wa mbele, jembe begani, kama mpita njia aliyesimama kutazama. Akamtazama mwanawe macho makavu. Brashi aliyajua macho yale tangu utotoni. Yalikuwa yanasema: funga mdomo, nimeshamaliza.

Amemwokoa mtoto wake. Kwa kumtupa mume wa binti yake.

Shemeji alikuwa ameshautoa ufunguo mfukoni.

"Mheshimiwa," Brashi akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kibao kilikuwa pale aliposimama shemeji. Nilikihamisha mimi. Alhamisi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Brashi leo kachora tuta lingine," na kicheko kikapita kwenye umati kama upepo kwenye mahindi.

"Sitanii."

"Ndivyo unavyosemaga ukitania," meya akasema. "Kumpenda shemeji ni jambo zuri, kijana. Lakini hapa mtu kaungua."

"Shangazi alikuwepo. Alinicheka mwenyewe. Shangazi, waambie."

Macho yote yakamwendea dobi. Dobi akatazama nguzo zake nne nyeusi. Akatazama bandeji zake, akazigeuza huku na huku kama mtu anayekagua nguo kama imetakata.

"Mimi sijui anachosema huyu kijana," akasema. "Anamwonea huruma dada yake. Msameheni."

Meya akanyoosha kiganja. Shemeji akaudondosha ufunguo.

Waliocheka walikuwa wengi. Mtu mmoja tu hakucheka, na ndiye Brashi aliyetamani angecheka. Shemeji alimsogelea mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Kweli?"

"Kweli."

"Njiani kote nakuuliza macho yangu, wewe unajua."

Brashi akainamia madoa ya viatu vyake.

"Kwa nini ulikihamisha?"

"Utani."

"Utani," shemeji akarudia. Akalisema polepole, kama neno la lugha asiyoijua. Akampa mgongo.

Matusi yangemfaa Brashi zaidi. Kofi lingemfaa zaidi. Akapita katikati ya watu, akaenda kwenye kalavati, akakanyaga maua, akakikumbatia kibao kwa mikono miwili, akavuta.

Kikatoka. Hakikubisha hata kidogo, kilitoka kama jino bovu, na mguu wake wa chuma ukaja na udongo mwekundu, umelowa, unadondoka.

Sasa hakuna aliyecheka.

"Kibao cha tangu unanyonya, Mheshimiwa," Brashi akasema, anahema, "kinatoka hivi?"

Meya akainama. Mtu mnene, aliinama kwa awamu. Akachukua udongo, akauvunja kati ya vidole, akaunusa. Akachungulia shimo. Aliponyooka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huu umechimbwa leo asubuhi."

Akamwendea shemeji, akamrudishia ufunguo. Hakuomba radhi, umeya ulimkataza, lakini aliushikilia ufunguo na mkono wa shemeji pamoja kwa muda. Watu wakaguna. Dobi akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akafichwa na migongo ya watu.

Brashi akakiegemea kibao. Imekwisha, akajiambia. Nitafukuzwa, nitapelekwa polisi, lakini imekwisha.

Haikuwa imekwisha.

"Sasa nawauliza," meya akasema. "Aliyekihamisha kibao mwanzo, haya, tuseme alicheza. Mjinga kacheza, moto ukamkuta. Lakini huyu aliyekirudisha leo hakucheza. Huyu alijua dereva hana kosa. Akajua tunakuja hapa. Akapanda mpaka maua. Alitaka mtu afungwe bure. Huyo ndiye ninayemtaka."

Brashi akakikaza kibao mikononi.

"Ni mimi pia," akasema haraka.

"Wewe?"

"Mimi. Asubuhi."

"Tangu asubuhi ulikuwa ofisini kwangu unanipakia mlango rangi. Nimekuletea chai mwenyewe. Tazama kucha zako."

Brashi akatazama kucha zake. Zilikuwa kijani, kijani ya mlango wa meya.

Ukweli wake haukuaminiwa, na uongo wake nao umegonga ukuta. Na kibao alichokishika, ushahidi wa kumwokoa shemeji, sasa kilikuwa kinamchongea mtu mmoja tu duniani, tena kwa mkono wake yeye. Akataka kukirudisha shimoni. Akataka kuifukia dunia nzima.

Shemeji alikuwa amechuchumaa. Hakuwa anatazama shimo. Alikuwa anatazama mawe. Akaokota jeupe, akaokota jeusi, akayaweka kiganjani. Mbele ya mlango wake, kule kwenye nyumba ya manispaa, kuna duara kama hilo. Lilipangwa wiki ile dada alipotangaza mimba.

"Shemeji," Brashi akasema. "Shemeji, yaache."

Shemeji akasimama. Macho yake yakatafuta miguu ya watu, jozi kwa jozi, viatu, ndala, viatu, mpaka yakafika kwenye mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu uliolowa mpaka kwenye vifundo. Watu wakafuata macho yake. Wakasogea pembeni huku na huku, wakamwacha mwenye mabuti peke yake barabarani.

Shemeji akamsogelea, mawe mawili mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mama," akasema. "Kwani mimi si mwanao?"

Mama akalishusha jembe begani, akalilaza chini taratibu. Akamtazama mwanawe aliyekumbatia kibao. Akamtazama mkwewe. Midomo ikafunguka, na meya, na mji mzima, na majirani wa jiji waliochungulia dirishani, wote wakaegemea mbele kusikia ataanza na yupi.